Bei ya Alfajiri ya London

Mapema mwaka 2016 vyombo vya habari viliripoti kwamba Kenya Airways, wakati huo ikiwa imeelemewa na madeni, imeuza nafasi yake ya kutua alfajiri katika uwanja wa Heathrow, London. Mnunuzi alikuwa Oman Air, na bei ilitajwa kuwa dola za Marekani milioni 75. Katika biashara hiyo hakuna ndege iliyobadilisha mmiliki, wala jengo, wala kipande cha ardhi. Kilichouzwa ni ruhusa ya kugusa lami ya Heathrow saa fulani ya asubuhi, na ruhusa ya kuruka tena saa fulani ya siku hiyohiyo. Safari za Nairobi na London hazikufa, ila shirika la taifa la Kenya liliachia saa ambayo kila shirika la ndege duniani linaitamani.

Anayesafiri kati ya Afrika Mashariki na Uingereza anajua utamu wa saa hiyo. Tofauti ya majira kati yetu na London ni saa mbili au tatu tu, kwa hiyo ndege inayoondoka Nairobi usiku huingia London kabla mji haujachangamka. Abiria amelala angani, anashuka, anawahi kikao cha asubuhi au ndege ya kuunganisha kwenda Toronto au Boston. Akiingia alasiri, siku imeshamponyoka na pengine atalipia hoteli.

Lakini hata utamu huo hautoshi kueleza dola milioni 75. Maelezo yako chini, kwenye lami.

Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutua. Ya kaskazini ina urefu wa mita 3,900 hivi, ya kusini mita 3,660, nazo zimelala sambamba kutoka mashariki hadi magharibi, zikiachana kwa kilomita 1.4. Paris, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, wana njia nne. Amsterdam wana sita. Kwa njia zake mbili, Heathrow ilihudumia abiria milioni 83.9 mwaka 2024. Kisheria haipaswi kuzidisha safari 480,000 kwa mwaka, kikomo kilichowekwa mwaka 2001 serikali ilipoidhinisha ujenzi wa jengo la tano la abiria. Ukigawanya kwa siku unapata ndege 1,300 na ushee, zinazopishana karibu zote kati ya asubuhi na saa tano usiku. Uwanja umekaa kwenye ukingo wa kikomo hicho kwa miaka mingi, ukiondoa ile miaka ya korona. Hakuna nafasi mpya ya kugawa. Anayetaka kuingia sharti amtoe mwingine.

Majina ya njia hizo ni namba. Ndege inayotua ikielekea magharibi hutua kwenye 27, kwa sababu magharibi ni nyuzi 270 za dira. Inayoelekea mashariki hutua kwenye 09. Kwa kuwa njia ni mbili, huongezwa herufi ya kushoto au kulia. Rubani aliyewahi kutua Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro atazitambua namba hizo mara moja, maana njia ya pale nayo ni 09 na 27. Kinachoamua upande ni upepo: ndege hutua na kuruka ikiukabili, ili mabawa yapate hewa ya kutosha kwa mwendo mdogo wa ardhini. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo kwa muda mrefu. Njia kuu ya uwanja wa Dar es Salaam imelala kaskazini-mashariki kuelekea kusini-magharibi, na Kaskazi na Kusi ndizo zinazoamua ndege zitaingilia upande gani, kama zilivyoamua safari za majahazi. London upepo hutoka upande wa magharibi kwa takribani asilimia 70 ya mwaka.

Sasa fikiria ndege saba au nane zinazotoka Nairobi, Johannesburg, Hong Kong, Singapore na New York, zote zikikaribia London ndani ya robo saa. Haziwezi kutua pamoja. Heathrow inazipeleka kwenye vituo vinne vya kusubiria angani: Bovingdon na Lambourne upande wa kaskazini, Ockham na Biggin upande wa kusini. Pale ndege huzunguka moja juu ya nyingine, zikitenganishwa na futi 1,000. Ya chini kabisa ikichomolewa kwenda kutua, zilizo juu hushuka ngazi moja. Abiria aliyeketi dirishani huliona jua likihama kutoka upande mmoja wa ndege kwenda mwingine, mara mbili, mara tatu, na mafuta yanaungua bure. Uwanja wenye nafasi ya ziada usingehitaji mzunguko huo kila asubuhi. Heathrow huuhitaji, kwa sababu lami isiyo na ndege kwa dakika mbili ni lami iliyopotea, na waongoza ndege hutaka daima kuwe na ndege mkononi ya kujaza pengo.

Kutoka kwenye vituo hivyo kazi ni ya waongoza ndege walioko Swanwick, kusini mwa Uingereza, mbali kabisa na uwanja wenyewe. Wao hawaoni ndege kwa macho, wanaona nukta kwenye kioo. Wanazikusanya kutoka pande nne na kuzipanga ziwe mstari mmoja, kisha wanaukabidhi mstari huo kwa wenzao walio kwenye mnara wa mita 87 pale uwanjani. Msamiati wao ni mfupi: geuka, punguza mwendo, shuka. Umbali kati ya ndege na ndege ndiyo sanaa yao yote.

Umbali huo haupangwi kwa kuogopa kugongana tu. Karibu na stesheni ya treni ya Hatton Cross kuna mtaa mdogo uitwao Myrtle Avenue, wenye nyumba za kawaida za familia na kiwanja cha majani mwishoni. Ndege zikitua kwenye njia ya kusini kutokea mashariki, hupita hapo zikiwa chini kiasi kwamba unaona magurudumu yakining'inia na weusi wa mafuta kwenye milango yake. Mngurumo unakuja, unakujaa kifuani, unapita. Ndege imeshagusa lami unapoisikia sauti ya pili: mluzi, kisha mchapo kama wa mjeledi hewani, mahali ambapo hakuna kitu. Huo ni upepo uliosokotwa na ncha za mabawa, na sasa unashuka taratibu kuelekea mapaa. Una nguvu ya kung'oa vigae, na uwanja unao mpango maalumu wa kutengeneza na kuimarisha mapaa ya nyumba zilizo chini ya njia hiyo.

Upepo unaong'oa vigae unaweza pia kuilaza ubavu ndege ndogo inayofuata. Kwa hiyo nyuma ya Airbus A380, kama zile za Emirates kutoka Dubai, ndege ndogo hulazimika kukaa maili kadhaa zaidi kuliko ingekaa nyuma ya mwenzake wa saizi yake. Hapo ndipo upepo wa mbele unapoleta balaa. Chukua ndege inayokuja kwa kilomita 260 kwa saa, na mwenzake kilomita 7 nyuma. Hewa ikitulia, pengo hilo ni la sekunde 97. Upepo wa kilomita 70 kwa saa ukiwakabili, mwendo wa ardhini unashuka hadi 190 na pengo lilelile linakuwa la sekunde 133. Njia iliyoweza kupokea ndege 37 kwa saa inapokea 27. Kwa miaka mingi siku ya upepo mkali Heathrow ilikuwa siku ya safari kufutwa, na wanaofutiwa kwanza ni wa safari fupi za ndani ya Ulaya. Mwaka 2015 waongoza ndege wa Uingereza walianza kupima pengo kwa muda badala ya umbali. Upepo ukiwa mkali, upepo uliosokotwa nao hutawanyika haraka zaidi, hivyo ndege zinaweza kusogezwa karibu bila hatari. Haikumwagwa zege hata ndoo moja, lakini ndege nyingi ambazo zingefutwa zikatua. Naliona hilo kuwa kati ya maendeleo makubwa ya uwanja huo katika miaka ya karibuni, na ajabu ni kwamba hakuna waziri aliyekata utepe.

Upande wa kuruka kuna hesabu nyingine. Ndege mbili zinazofuatana zikigeukia uelekeo mmoja baada ya kuruka, ya pili husubiri karibu dakika mbili. Moja ikienda kaskazini na nyingine kusini, dakika moja hutosha. Basi kwenye mdomo wa njia huachwa eneo pana la lami ambamo ndege zinaweza kupangwa upya, na mwongoza ndege huchagua: wa kaskazini, wa kusini, wa kaskazini, wa kusini, huku akijitahidi asiiweke ndege ndogo nyuma ya kubwa. Abiria anayeona ndege iliyofika nyuma yake ikitangulia kuruka hudhani amedhulumiwa. Hajadhulumiwa. Amesaidia kuokoa dakika ya mtu mwingine, na kesho atasaidiwa yeye.

Yote haya ningeyaita ufundi tu, kama isingekuwa saa tisa alasiri.

Kila siku ambayo upepo unatoka magharibi, njia moja hutumika kwa kutua na nyingine kwa kuruka. Ikifika saa tisa alasiri, zinabadilishana kazi. Wiki inayofuata zamu inageuzwa: waliopigiwa kelele asubuhi sasa wanapigiwa jioni. Utaratibu huu ulianza miaka ya 1970 na sababu yake haina uhusiano na usalama wala faida. Ni kwa ajili ya watu wa Hounslow, Isleworth, Richmond na mitaa mingine iliyo chini ya mstari wa kutua, wapate nusu siku ya kupumua. Ratiba yake huchapishwa mapema kwa mwaka mzima. Mtu anaweza kupanga sherehe ya mtoto bustanini akijua kwamba Jumamosi ile, baada ya saa tisa, ndege zitakuwa upande wa pili.

Zamu ya kelele ikifika, ndege inapita kila baada ya dakika moja na nusu. Mwalimu anaanza sentensi, ananyamaza, anaimalizia. Katika shule moja ya watoto wadogo ya Hounslow walijengewa uwanjani vibanda vya udongo vyenye umbo la kuba, wakae ndani yake wasikilizane. Nikitazama picha za vibanda hivyo nakumbuka kwamba kelele za ndege si adha ndogo ya watu wenye nafasi. Anayeweza kuhama huhama, na anayebaki kwa kawaida ni mwenye kipato kidogo, wengi wao wahamiaji, na wengine ndio haohao wanaofagia, wanaopakia mizigo na wanaopika chakula cha ndege uwanjani.

Upepo ukigeuka na kutoka mashariki, hakuna kubadilishana zamu, na sababu ni neno la mdomo. Mwaka 1952 maofisa wa serikali waliwaahidi wakazi wa Cranford, kijiji kilicho karibu kabisa na ncha ya mashariki ya njia ya kaskazini, kwamba ndege hazitaruka kupita juu yao ila kwa dharura. Ahadi ile ilitolewa mkutanoni, na kwa miaka 57 ikaheshimiwa. Ilikuwa mwaka 2009 serikali ilipotangaza kuifuta, na hata baada ya hapo uwanja haukuwa na barabara za kutosha za kupeleka ndege kwenye ncha ile. Kwa hiyo siku za upepo wa mashariki ndege huruka kutoka njia ya kusini na kutua ya kaskazini, asubuhi hadi usiku, zinazotua zikipita juu ya Windsor, mji wenye kasri la mfalme. Cranford walipata stara, Windsor wakabeba mzigo. Bado nawaheshimu wale walioitunza ahadi isiyo na karatasi kwa zaidi ya nusu karne, katika biashara ambayo kila dakika ina mnunuzi.

Usiku masharti ni makali zaidi. Kati ya saa tano na nusu usiku na saa kumi na mbili asubuhi huruhusiwa safari 5,800 tu kwa mwaka mzima, wastani wa kama 16 kwa usiku, na nyingi ya hizo ni ndege za masafa marefu zinazoanza kutua kuanzia saa kumi na nusu alfajiri. Rudi sasa kwenye dola milioni 75. Alfajiri ni ghali kwa sababu abiria anaitaka na jirani anaitaka: mmoja afike, mwingine alale. Serikali imechora mstari kati yao, na kila nafasi iliyo karibu na mstari huo imekuwa dhahabu.

Mwenye dhahabu hiyo haiachii ovyo. Kanuni ni kwamba shirika likitumia nafasi yake kwa asilimia 80 ya msimu, msimu ujao ni yake tena. Likishindwa, inarudi kwenye kapu. Ndiyo maana mapema mwaka 2020, korona ilipowakimbiza abiria, baadhi ya mashirika yaliendelea kurusha ndege zikiwa karibu tupu hadi kanuni iliposimamishwa. British Airways na washirika wake wanashikilia zaidi ya nusu ya nafasi zote. Mashirika yaliyowahi yameketi, na mashirika ya Kiafrika ni miongoni mwa waliokuta viti vimejaa. Nafasi iliyouzwa hairudi kwa bei ileile, na mara nyingi hairudi kabisa. Sijui kama wakurugenzi wa Kenya Airways walikuwa na njia nyingine mwaka ule. Madeni hayana subira. Ila mkataba wa namna ile ungestahili kujadiliwa hadharani kama tunavyojadili kuuza ardhi ya umma.

Ardhi nayo ina hadithi yake hapa. Heathrow kilikuwa kijiji cha mashamba ya mbogamboga na matunda ya kulisha London. Mwaka 1944 serikali iliwaondoa watu kwa sheria za dharura za vita, ikisema jeshi la anga linahitaji uwanja. Mwaka 1973 Harold Balfour, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya anga wakati ule, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba nia tangu mwanzo ilikuwa uwanja wa kiraia, na vita vilitumika kukwepa pingamizi. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1946. Embakasi yetu, uwanja wa Nairobi ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta, ilianza kwa uchungu mwingine: ilijengwa na mahabusu wa Mau Mau waliotumikishwa wakati wa hali ya hatari, ikafunguliwa mwaka 1958.

Sasa London wanataka njia ya tatu. Iliidhinishwa mwaka 2009, ikafutwa mwaka 2010, ikapendekezwa tena na tume ya Howard Davies mwaka 2015, Bunge likaipitisha Juni 2018 kwa kura 415 dhidi ya 119, Mahakama ya Rufani ikaikwamisha Februari 2020, Mahakama ya Juu ikaikwamua Desemba mwaka huohuo. Januari 2025 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kuiunga mkono. Mpango ambao uwanja ulipeleka serikalini mwaka huo ni wa njia ya mita 3,500, ikivuka barabara kuu ya M25, na gharama ya njia hiyo peke yake ni pauni bilioni 21. Longford, na sehemu kubwa ya Harmondsworth, ingefukiwa. Pale Harmondsworth kuna ghala la mbao la karne ya 15, miongoni mwa makubwa na mazuri kuliko yote Uingereza, na lingejikuta pembezoni mwa uzio.

Wanaoitetea njia ya tatu wana hoja ya kweli. Mahali pasipo nafasi, hitilafu moja huangusha kila kitu: Machi 21, 2025 moto katika kituo kimoja cha umeme ulifunga Heathrow karibu siku nzima, safari zaidi ya 1,000 zikavurugika, na hapakuwa na saa tupu ya kuzipokea zilizochelewa. Lakini kwa njia tatu, mgawanyo wa nusu kwa nusu unavunjika. Angalau njia moja italazimika kuruka na kutua kwa pamoja, na kila mtaa utakuta mapumziko yake yamepungua, huku mitaa ambayo haijawahi kuwa chini ya ndege ikianza kuhesabu. Mimi naona jambo hilo ndilo lililopaswa kuwa la kwanza mezani, kabla ya kilomita za lami na mabilioni ya pauni.

Nairobi nayo itafika hapo. Uwanja wa Jomo Kenyatta una njia moja, ndefu kwa zaidi ya mita 4,100 kwa kuwa mji uko juu na hewa ni nyepesi. Tairi likipasuka ndege ikanasa katikati, hakuna pa kutua; nyingine zinageuzwa kwenda Mombasa, Kilimanjaro au Entebbe. Njia ya pili imekuwa ikizungumzwa kwa miaka. Ilikuwamo katika pendekezo la kampuni ya Adani la kuuendesha uwanja, ambalo wafanyakazi wa uwanja waligoma kulipinga Septemba 2024 na Rais William Ruto akalifuta Novemba 21 mwaka huo. Mjadala ulikuwa nani ataushika uwanja, kwa miaka mingapi, na ajira zitakuwaje. Yalikuwa maswali halali. Lakini nadra nilisikia mtu akiuliza ndege za njia hiyo ya pili zitapita juu ya nani na kwa saa zipi, ilhali watu wa Syokimau walioangushiwa nyumba na matingatinga Novemba 2011, kwa madai kwamba ardhi ni ya uwanja, wapo na wanakumbuka. Dar es Salaam, wakazi wa Kipawa na Kipunguni nao wanaijua habari ya kuupisha uwanja.

Kanuni za kimataifa zinataka njia mbili sambamba ziachane angalau mita 1,035 ili ndege ziweze kutua zote mbili kwa wakati mmoja bila kutegemeana. Zikikaribiana kuliko hapo, kutua kwenye njia moja hakuwezi tena kuwa huru na kutua kwenye nyingine. Kwa hiyo upana wa ardhi inayotengwa leo pembeni ya Embakasi ndio utakaoamua kama Nairobi itapata uwanja wa njia mbili kamili, na mita hizo hazitapatikana tena zikishajengwa ghorofa. Ramani ya eneo hilo, pamoja na mistari ya kutua na kuruka na saa zinazopendekezwa, ingepaswa kubandikwa katika ofisi za chifu za Embakasi na Syokimau, watu waisome kabla mkandarasi hajatafutwa.